Waya Nilioufunga Kilioni

Siku ya kwanza ya kilio cha bibi yetu, mume wa dada yangu alitoa betri ya pikipiki yake ya umeme, anayobebea abiria na mizigo, na kuiweka uani bila kuombwa. Nyumbani kwetu Kasongo hapakuwa na chanzo kingine cha umeme, na bibi aliacha ukoo wenye dini mbili: upande mmoja ulisoma dua, mwingine uliimba nyimbo za kanisa, na wote walihitaji kipaza sauti kimoja. Betri ile niliifahamu vizuri. Tasnifu yangu inahusu namna ya kuchaji betri za lithiamu na kuzitumia bila kuziua, na likizo iliyotangulia nilikuwa nimeifungia bodi ya ulinzi kwa mikono yangu: seli yoyote kati ya ishirini ikishuka hadi volti tatu, bodi inakata umeme.

Siku ya pili, katikati ya dua, ikakata.

“Wee musomi!” mjomba aliniita mbele ya watu wote. “Umeme yako inaona haya ya wageni?”

“Mumuache,” alisema mama mmoja kwenye mkeka. “Kwanza aandike kitabu, kisha taa iwake.”

Walicheka, hata waliokuwa na machozi. Nilipaswa kusema kwamba bodi haikukosea, kwamba chaji ya baadhi ya seli imekwisha. Badala yake nilichukua kipande cha waya nikakipitisha pembeni ya bodi, umeme utoke bila kuulizwa. Nilijiambia: dakika kumi, dua iishe. Mara jamaa kutoka Lusangi wakafika wakilia tangu njiani, nami, kama mjukuu, ikanibidi kwenda kuwapokea na kulia na kila mmoja wao.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilisahau. Neno hilo nimelipima mara nyingi, na halisimami. Alasiri ile niliuona waya. Niliona pia watu wakiimba na simu za wageni zikichajiwa kwenye betri ileile, nikageuza uso. Ulikaa pale siku tatu. Kilio kilipokwisha niliutoa kabla watu hawajaamka, nikautia mfukoni.

Asubuhi hiyohiyo shemeji aliibeba betri hadi nyumbani kwake, nami nikamfuata; akaiweka katika chumba wanacholala watoto wake, akaiunga na waya wa paneli ya juu ya paa. Bodi ikakataa kupokea chaji. Nilichukua kipimo nikapima seli moja baada ya nyingine, kisha nikarudia, nikitumaini kwamba kipimo ndicho kibovu. Tatu zilikuwa chini ya volti moja. Seli ikishuka kiasi hicho, shaba iliyo ndani yake huyeyuka. Ukiichaji, shaba hujijenga mahali pasipo pake, na seli inaweza kuwaka moto yenyewe, hata saa kadhaa baadaye.

“Sanduku yako imegoma kula,” shemeji alisema. “Lakini fundi wa sokoni iko na dawa. Anasema tupitishe waya pembeni, itaamka. Jumamosi watu wa kule Wamaza wananingojea. Nisipofika, watazoea pikipiki ya mwingine.”

Ningeweza kusema tu kwamba betri imekufa, lakini angeuliza imekufaje, kisha angemwendea fundi. Nilifikiria sababu nne, zote za kitaalamu, zote zikiniacha msafi. Yeye alikuwa amekwisha kuumenya waya kwa meno.

“Shemeji, usiunge. Ni mimi.” Nikamweleza yote, pamoja na ile alasiri.

Alibaki ameushika waya.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Na wewe ndiye utafundisha watu hii kitu?”

Nilichomoa waya wa paneli.

“Ungeniambia tu. Ningezima. Bibi wa bibi yako walimulilia na spika?”

Hakupaza sauti, na hilo lilinisumbua kuliko kama angenitukana. Tuliibeba betri pamoja hadi kwenye mchanga, mbali na nyumba, nikakata nyaya zake zote, mtu yeyote asijaribu kuiamsha. Dada yangu alitutazama kutoka mlangoni. Alipoelewa, aliwaita watoto ndani na kufunga mlango.

Jumamosi shemeji aliazima baiskeli, akaipakia magunia mawili ya chumvi aliyoagizwa na watu wa Wamaza. Abiria hakuweza kuwachukua. Nilimfuata. Kwenye mwinuko wa kwanza magunia yaliivuta baiskeli nyuma. Nikaweka mikono nyuma ya magunia na kusukuma. Hakunifukuza, wala hakunishukuru. Tulipofika juu alisimama, akakaza kamba upande wake, kisha akanitupia ncha ya pili niikaze upande wangu.