Siku Barafu Alipoitwa Mlevi

Katika ukoo wa marehemu mume wangu hapajawahi kutokea mlevi. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wapo watu wanaomkumbuka shemeji yangu kwa siku moja tu ya maisha yake, na siku hiyo wanaisimulia vibaya.

Mtaani walimwita Barafu. Alikuwa kitindamimba wa kwao, fundi wa mafriji, mtu mrefu wa maneno machache, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya kulehemu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mbele hapakuwa na mlango, hivyo mteja alizunguka kupitia uchochoro, akipita mafriji yaliyong'olewa milango na kuegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Humo ndimo ilimozaliwa bendi ya Mlango wa Nyuma.

Walikuwa watatu. Barafu alipiga gitaa na kuimba. Besi ilikuwa ya Mwalimu, aliyefundisha hesabu sekondari na kuhesabu mapigo kwa midomo kana kwamba anasahihisha mitihani. Ngoma zilikuwa za Nesi, mwanamke wa wodi ya watoto, aliyesema kwamba mtu akinong'ona kutwa nzima kazini lazima jioni apate kitu cha kupiga. Walipiga roki, lakini si ile ya redioni. Nyimbo zao zilianza polepole, zikazunguka mahali pamoja kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, kisha zikalipuka. Waliimba mambo ambayo hakuna anayeyatungia wimbo: foleni ya dawa, taa ya ngazini iliyoungua, mtu anayeandika barua ya kuomba kazi kwa mara ya tisa. Mimi nimelelewa kwenye kwaya, na mwanzoni nilifunga madirisha. Baadaye nilijikuta nafua huku nikiimba ule wa barua.

Kampuni hawakuwa nayo, wala hawakuitafuta. Walijirekodi karakanani, Nesi akachora majalada kwa mkono, Mwalimu akapeleka kanda posta kila Ijumaa. Kwa miaka kumi na moja walitoa albamu nne, na hakuna wimbo uliotoka kabla wote watatu hawajauridhia.

Barafu hakusomea muziki popote. Siku ya kwanza ya mazoezi walipoulizana waanzie sauti gani, alionyesha friji kuukuu lililokuwa likivuma pembeni.

"Msikilizeni huyo," alisema. "Friji zima lolote huvuma hivyo hivyo. Umeme ni mmoja."

Basi wakakaza nyuzi kwa kufuata mvumo wa friji, na hivyo ndivyo walivyofanya kila siku. Gitaa likakubaliana na besi, ngoma hazina neno, nani angewapinga? Hawakujua kwamba mvumo ule huangukia kati ya sauti mbili za kinanda: si hii, si ile.

Mwaka wa kumi na moja, mwimbaji mmoja mashuhuri alisikia kanda yao, akaja mwenyewe uchochoroni, viatu vya visigino virefu vikiruka madimbwi. Alikuwa na tamasha kwenye ukumbi mkubwa wa mji, Jumamosi moja ya mwezi uliofuata, saa tisa alasiri. Alitaka wampigie nyimbo zao tatu, pamoja na wapiga tarumbeta na mpiga kinanda wake. Mambo yakienda vizuri, wangezunguka naye miji sita.

Mazoezi ya kwanza, mpiga kinanda alibonyeza mara moja tu, akageuka.

"Kaka, hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Kwenye friji."

Wote waliangua kicheko. Mpiga tarumbeta mmoja akasema, "Basi kesho mimi naja na jiko."

Barafu hakukasirika. Alishusha nyuzi zake hadi zikalingana na kinanda, Mwalimu naye akashusha, na kwa wiki tatu wakajifunza upya nyimbo walizozitunga wenyewe.

"Unaimba kama umevaa viatu vya mwenzako," Nesi alimtania.

"Vitazoea mguu, dada."

Siku yenyewe nilikaa safu ya tatu. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri, hata mtu wa pembeni yangu akauliza hawa ni akina nani, nami sikunyamaza. Kabla ya wimbo wa tatu uzi mmoja wa gitaa ulikatika. Barafu akasogea kando ya jukwaa, akawapa watu mgongo, akafunga uzi mpya upesi. Nyuma ya pazia pale pale palikuwa na friji kubwa la vinywaji, linavuma. Sikio lililofundwa miaka kumi na moja halikuomba ruhusa. Alikaza uzi mpya kwa friji, akasikia nyuzi tano nyingine hazikubali, akazikaza nazo. Mwalimu, asiyewahi kumwacha mwenzake njiani, alimsikia amepanda, akapanda naye.

Nilimwona Barafu akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Alidhani yuko nyumbani. Kisha tarumbeta zikaingia.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama watu wawili wanaong'ang'ania kupita mlango mmoja. Barafu, masikini, akadhani waliokosea ni wa tarumbeta. Akawapungia mkono wapande juu, naye akazidisha sauti. Nyuma ukumbini mtu akapiga kelele, "Wamelewa hao! Watoeni!" Mwimbaji akainua kiganja, wimbo ukakatwa. Wakati wa kutoka shemeji yangu alijikwaa kwenye waya wa spika akapepesuka, na hapo hata waliokuwa na shaka wakaridhika.

Jumatatu gazeti liliandika: Bendi ya Walevi Yaharibu Tamasha.

"Liandikie gazeti," nilimwambia. "Waeleze."

"Nieleze nini, shemeji? Kwamba nimeponzwa na friji? Hapo ndipo watakaposema nilikuwa chakari."

"Jina hilo si lako peke yako."

"Najua. Lakini afadhali waniite mlevi kuliko mwehu. Wacha yapite."

Hayakupita. Jumatano Mwalimu alikuja mazoezini kama kawaida, akahesabu kama kawaida. Nesi ndiye aliyemwaga mchele. Bodi ya shule ilikuwa imemwita Mwalimu Ijumaa ajieleze kwa ulevi hadharani, na alikuwa hatarini kufukuzwa kazi.

"Kwa nini hukuniambia?" Barafu alimuuliza Mwalimu.

"Ungefanya nini? Kila mtu alituona."

Ijumaa shemeji yangu alivaa koti la marehemu kaka yake, akabeba gitaa, nami nikaenda naye. Katika chumba cha mikutano shuleni tulimkuta Mwalimu amesimama mbele ya Mwalimu Mkuu, ambaye ni mama mmoja mkavu mwenye miwani ya kamba, na wajumbe wanne wa bodi. Barafu alisimama akawasimulia yote: karakana, mvumo, uzi uliokatika. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara mnene, alicheka hadi akajifuta machozi.

"Yaani mzee, mlevi ni friji?"

"Nicheke, bwana. Lakini huyu mwalimu hajawahi kugusa pombe. Alinifuata mimi, na mimi ndiye niliyekosea."

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuwa amefundisha fizikia miaka ishirini.

"Legeza nyuzi zote," alisema. "Sasa zikaze hapa hapa, bila kusikiliza kitu."

Barafu alifumba macho. Alikaza uzi baada ya uzi, mjumbe mmoja akitazama saa. Kisha mama yule akatuongoza sote, mguu kwa mguu, hadi jikoni mwa shule, akamwambia apige karibu na friji. Gitaa na friji vikawa kitu kimoja. Tukaenda ukumbi wa shule, mama akabonyeza kinanda huku Barafu akipiga gitaa. Hata yule mfanyabiashara alikunja uso. Tukarudi jikoni, sawasawa. Ukumbini, vurugu.

Mwalimu Mkuu akavua miwani.

"Mlevi hakosei kwa usahihi namna hii," alisema. "Mwalimu, una kipindi saa tano. Nenda darasani."

Koridoni Mwalimu alimshika mwenzake mkono.

"Umewapa watu kicheko cha mwaka mzima kwa ajili yangu."

"Wacha wacheke," Barafu alijibu. "Wewe wahi kipindi."

Yule mwimbaji hakuwaita tena, na gazeti halikusahihisha neno. Mlango wa Nyuma waliendelea miaka sita zaidi na kutoa albamu mbili, mpaka Nesi alipohamishiwa hospitali ya mbali na wenzake wakakataa kutafuta mpiga ngoma mwingine. Kisa cha jikoni kilitoka shuleni kikaenea mtaani siku ile ile, na tangu hapo wapo waliomwita shemeji yangu Friji. Nilitaka kuwakanya. Yeye akasema niwaache, maana jina hilo amelipata akisema kweli. Nami nimewaacha.