Maziwa ya Jioni

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa kituo cha ushirika cha kukusanyia maziwa pale Korogwe hakunipa kifaa chochote. Alifungua keni ya maziwa, akaniambia niiname ninuse. "Pua kwanza, vipimo baadaye," alisema. Mimi nilikuwa binti wa Kilole, mtoto wa mkata mkonge, na kwetu maziwa yalionekana akija mgeni. Baadaye ndipo akanifundisha laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Yakitiwa maji, kinazama zaidi. Kisha kipimo cha spiriti: ukichanganya na maziwa yakashika mabonge, huyapokei, maana yataharibu tangi zima la kupozea.

Meneja hakuwa msemaji, ila neno moja alimwambia kila mfanyakazi mpya. "Wenye hisa hapa ni wafugaji wenyewe. Faida inarudi kwao, kwa dawa za mifugo na kwa gawio. Kwa hiyo usimhudumie mtu kama unamfanyia hisani. Huyo ni mwajiri wako."

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa Handeni kusimamia kituo kipya. Wafugaji wa kule wengi ni Wamasai, na walioleta maziwa walikuwa akina mama. Mmoja wao, Naserian, nilimkatalia siku ya kwanza kwa sababu maziwa yake yalinuka moshi wa kibuyu, jambo ambalo nyumbani kwao ndilo utamu wenyewe. Hakubishana. Kesho yake alikuja na keni ya kuazima, na tangu hapo sikumkatalia tena.

Kisha likaja agizo kutoka makao makuu: kila boma liwe na mwanachama mmoja, naye awe mwenye ng'ombe, na malipo yapitie kwake. Afisa Mifugo alitueleza kwa nia njema kwamba benki inataka jina moja. Tukaandikisha, karibu wote wanaume. Haukupita muda mrefu, maziwa yakaanza kupungua, ilhali mvua ilikuwa nzuri na majani tele. Naserian akaacha kabisa kuja.

Nilimfuata bomani.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimasai.

"Iko," akaitikia, akanipa kigoda na chai. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu bila hasira. "Kwetu ng'ombe ni wa mwanamume, maziwa ni ya mama. Zamani nikiuza maziwa nanunua unga, nanunua daftari za watoto. Ninyi mkamlipa baba. Sasa unga naomba. Basi nikaona afadhali watoto wayanywe."

Nilirudi kituoni. Tulikuwa tumekwenda kupunguza umaskini, kumbe tumemnyang'anya mtu kipato alichokuwa nacho. Nilimweleza Meneja wangu wa Korogwe, akasafiri hadi Handeni kuitisha mkutano mkuu, akapendekeza akina mama nao walipwe. Mumewe Naserian, Mzee Parmet, ndiye aliyepinga kuliko wote. "Ng'ombe akiugua, namtibu mimi," alisema. "Leo mnataka mke wangu awe mwenye amri juu ya ng'ombe zangu?"

Meneja alimwacha amalize. "Mzee, hakuna anayegusa ng'ombe zako. Tunauliza maziwa tu. Kwa mila zenu ni ya nani?"

Mzee Parmet hakusema uongo. "Ya mama," akajibu.

Kanuni ikabadilishwa: boma moja liwe na wanachama wawili, maziwa ya asubuhi yalipwe kwa baba, apate ya kutibu ng'ombe, na ya jioni kwa mama. Kwetu wafanyakazi ilimaanisha kufungua kituo mara mbili kwa siku, na wengine walinung'unika, nami nilikuwa miongoni mwao pale miguu ilipovimba. Ila maziwa yalirudi. Naserian akachaguliwa kwenye kamati, akajenga choo, akampeleka binti yake sekondari. Sisemi alitajirika. Alipumua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, ukame ulipiga. Mizoga ilizagaa hadi kando ya barabara, na kwa Naserian na mumewe alibaki ndama mmoja. Kwenye mkutano, Mwenyekiti alisoma kanuni ya zamani: asiyeleta maziwa msimu mzima anafutwa uanachama. Nusu ya ukumbi walikuwa wa kufutwa. Wakulima wa Kizigua waliofuga karibu na bwawa ndio waliobaki na ng'ombe, na kwa kura zao wangeweza kujigawia kila kitu.

Nilidhani itakuwa hivyo. Akasimama mama mmoja wa Kizigua, mjane, mwenye ng'ombe wawili. "Mvua haichagui," alisema. "Leo imewanyima wao, kesho itaninyima mimi. Nikifilisika nataka nikute jina langu bado lipo. Gawio la mwaka huu litumike kununua mitamba, majike wachanga wa kuanzia, wapewe hao waanze upya." Kisha mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, hadi Mwenyekiti akaacha kuhesabu.

Vijana huniuliza kazi yetu ilileta nini, maana maskini bado wapo. Ni kweli wapo, na mimi mwenyewe naishi kwa kuungaunga. Lakini siku ile hakuna afisa aliyewaelekeza wala mfadhili aliyewashinikiza. Nilikuwa nimekaa nyuma, sina la kufanya, na nikaona kwamba hawanihitaji tena. Wiki iliyofuata nilikabidhi funguo za kituo.