Kochi Bichi Siku ya Kupokea Posa

Nimekosa. Naomba mnisome bila kunitafuta, maana Arusha ni ndogo na midomo ya watu wa huku haina breki. Nikijulikana leo, kesho sokoni nitasalimiwa kwa jina la mashine.

Mimi ni mwanamke mtu mzima na kazi yangu ni kuosha makochi. Nilianza mtaani Kwa Mrombo na ndoo, brashi na mgongo wangu mwenyewe. Kochi nilikuwa nalisugua, nalikamua kwa taulo, halafu kwa taulo jingine, mpaka taulo lenyewe linaomba poo. Wateja walinipenda. Basi nikajiona nimekua, nikataka mashine.

Jamani, kiburi!

Dukani nilionyeshwa mashine mbili za kubeba. Moja ya kijivu, nene, nzito, ina magurudumu na bomba refu. Nyingine ndogo, nyekundu, inang'aa, ina mkono wa kushikia na taa ya buluu mbele. Mpaka leo sijui ile taa ilikuwa ya kazi gani.

"Mama, ya kazi ni hii ya kijivu," muuzaji akaniambia. "Ina mota mbili za kunyonya. Maji unayomwaga inayarudisha karibu yote, kochi linakauka mapema."

"Na hii nyekundu?"

"Hiyo ni ya nyumbani. Mtoto akimwaga chai, unafuta. Kutema maji inatema vizuri, ila kunyonya ndiyo hivyo tena."

"Inatoa povu?"

"Povu inatoa, tena sana."

Masikio yangu yakafungwa hapo hapo. Mteja wa kwetu asipoona povu anajua ameibiwa. Nikainyanyua ile nyekundu kwa mkono mmoja, nikajitazama kwenye kioo cha duka. Nilipendeza! Nikajiona nashuka kwenye bodaboda mbele ya geti la tajiri, naitwa mtaalamu.

Mimi nikienda kununua kuku Ngaramtoni namgeuza, nampapasa kifua, namfungua mdomo, namtazama miguu, mpaka mwenye kuku anachoka. Lakini mashine ya kunilisha niliichagua kama mkoba wa kwendea harusini. Nikalipa, nikaondoka nayo kifua mbele.

Siku hizo hizo binti wa kaka yangu akachumbiwa. Nyumbani kwetu ni Olmotonyi, huko juu, na ndiko anakoishi kaka na mke wake, pamoja na mama yetu mzazi ambaye ukoo mzima tunamwita Yeyo. Wageni wa posa walikuwa wanatoka Machame. Na mimi ndiye shangazi wa binti, kwa hiyo mambo ya sebule nikayachukua bila kuombwa na mtu.

"Wifi, tuyafute tu makochi kwa kitambaa, tuweke vitambaa safi vya kufuma," mke wa kaka akaniambia. "Julai hii huku kwetu hata soksi hazikauki."

Nikamcheka. "Wifi, hii ni teknolojia."

Niwaambie ukweli wangu wote. Mawazo yangu hayakuwa kwa binti. Nilikuwa nawaza wale wageni wa Machame, watu wa nyumba nzuri, wakae kwenye makochi yanayonukia, waulize ni nani ameosha, na mimi nitokee na kadi zangu za biashara. Niliiacha mashine koridoni makusudi, taa yake ikiwaka, ili anayekwenda msalani aione.

Siku moja kabla ya wageni nikaosha. Viti vya mbao vyenye mito myembamba havikunisumbua. Lakini kochi la mtu mmoja, lile la dirishani ambalo Yeyo hukalia siku zote, nililipa heshima ya pekee kwa sababu ndilo angekalia msemaji wa wageni. Nikalitemea maji, nikalitemea tena. Povu! Majirani wakaja kutazama. Nami ndivyo nilivyozidi kumwaga, maana nikitazamwa akili yangu huwa inatoka kidogo.

Nikageukia kunyonya. Ndugu zangu, ile mashine ilivuta kama mtoto mwenye mafua anayekunywa uji kwa mrija. Kelele nyingi, maji kijiko. Kochi lenyewe lilikuwa la fundi wa zamani, sponji nene juu na gunia chini yake, na vyote viwili vilikuwa vimeshiba.

Jioni ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukatukalia. Nikaleta pasi. Nikaleta drayer ya nywele ya binti. Nikaleta jiko la mkaa nikaliweka karibu, sebule ikanukia kama banda la mishikaki. Kochi halikujali.

Asubuhi nikabonyeza mto kwa kiganja. Maji yakapanda katikati ya vidole, tena ya rangi ya chai kwa sababu ya lile gunia.

Hapo ndipo mtu mwenye akili anasema, jamani, kochi hili litolewe, tuazime kiti kwa jirani. Mimi nikatandika shuka mbili za Kimasai juu yake, nikazikunja vizuri pembeni, nikasema ni mapambo ya kimila.

"Limekauka?" wifi akaniuliza mlangoni.

"Limekauka kabisa."

Wageni wakafika. Wakakaribishwa, wakaomba, wakaimba pambio. Msemaji wao, mzee mmoja mrefu mwenye suti ya kaki iliyopigwa pasi vizuri, akaketishwa kwenye kochi la heshima. Akazisifia shuka. Mimi nikatabasamu, nikiomba ile ibada iwe fupi. Haikuwa fupi. Mlutheri akipewa nafasi ya kuomba mbele ya wakwe hawezi kuitupa.

Zamu yake ya kuzungumza ilipofika, mzee akasimama. Akageuka kuwaomba wenzake ruhusa, kama ilivyo desturi, na sisi wote tukaona alichokalia. Suti nyuma ilikuwa imelowa kuanzia kiunoni mpaka karibu na magoti, rangi ya chai. Msichana mmoja akabanwa na kicheko, akakimbilia nje.

Mzee akajishika nyuma. Akautazama mkono wake. "Samahani wazee wangu," akasema polepole, "nadhani nimekalia kitu."

Kaka alinitazama. Wifi alinitazama. Na mashine yangu koridoni ilikuwa inawaka taa yake ya buluu, na kadi zangu ziko mfukoni.

Nilichosema nimekisikia kila siku tangu hapo. Nilisema, "Mtuwie radhi sana, wazee wangu. Hapo huwa anakaa Yeyo. Mnajua uzee una mambo yake."

Ndiyo. Mama yangu mzazi. Mwanamke aliyelima kahawa mpaka tukasoma, ambaye hata kikombe chake hakubali kioshwe na mtu mwingine, na ambaye tangu alfajiri alikuwa jikoni anasimamia ndizi. Alikuwa amesimama mlangoni wakati huo, amekuja kusalimia wageni.

Akanitazama. Sikuweza kuyakabili macho yake, nikatazama zulia. Kisha nikamsikia anasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Ni kweli. Mnisamehe wanangu, ni mimi."

"Usijali mama," yule mzee akasema, tena kwa upole kabisa. "Hata mimi nina mama. Uzee ni baraka." Akaletewa shuka kavu, akajifunga kiunoni, akahamia kiti cha mbao, akaendelea na posa akiwa amevaa kimila kuliko wenyeji. Watu wakacheka kicheko kizuri, posa ikapokelewa, vigelegele vikapigwa. Na mimi, mniamini, nilishusha pumzi. Nilijisifu moyoni kwamba nina akili ya haraka!

Siku ya mahari nikalipwa.

Mnajua desturi, mahari haiji bila blanketi la bibi. Mama wawili wa upande wa mume wakaja mbele na blanketi zito, zuri kweli kweli, wakamwekea Yeyo mapajani. Halafu mmoja wao akatoa kitu kingine kilichokunjwa ndani ya kitenge. Akakifunua kidogo tu, kwa adabu, ili kisionekane na wengi. Ulikuwa ni mpira wa kutandika kitandani, kama wa mtoto mchanga.

"Hii ni ya kukustarehesha, mama," akamnong'oneza. "Hakuna aibu. Mama yetu naye anautumia."

Wale wanawake hawakuwa na ubaya wowote. Walifanya anachopaswa kufanya mtoto wa kike mwenye kumpenda mama yake. Yeyo akaupokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akauweka chini ya blanketi. Vigelegele vilipigwa kwa sauti ndogo, kwa heshima. Ningeweza kusimama pale pale nikasema ukweli. Nilikaa.

Watu walipoondoka nilimfuata jikoni, nikapiga magoti, nikalia mpaka kamasi. "Yeyo, nisamehe. Nilichanganyikiwa."

Alikuwa anasugua sufuria. Hakuacha. "Siku ile niliona binti anatetemeka," akasema. "Niliona kaka yako ameinamisha kichwa. Nikasema, hili neno nikilikataa, wageni watasema nyumba hii ina uongo, na mtoto atakosa mume. Kwa hiyo nililibeba. Mimi nilikuwa naokoa ndoa ya mjukuu wangu." Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa unaokoa nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa naokoa mashine! Mashine nyekundu yenye taa. Niliweka mama yangu upande mmoja na kifaa cha plastiki upande mwingine, nikachagua tena vibaya, mara ya pili ndani ya msimu mmoja.

"Na usiniombe msamaha huku jikoni," akaongeza. "Hukunisema jikoni."

Tangu siku hiyo Yeyo hakalii kochi la mtu. Akitembelewa au akitembelea anaomba kigoda, na akiletewa chai anakunywa nusu. Kanisani wanamama wanamwachia nafasi pembezoni mwa benchi, karibu na mlango, ili asipate shida ya kutoka. Wanamfanyia wema, na kila wema unanichoma mimi.

Ile nyekundu sasa inaoshea pikipiki, kazi iliyoumbiwa. Mimi nimerudi kwenye taulo na brashi.

Harusi inakaribia, na shangazi hupewa kipaza sauti. Nimekwisha kumwambia kaka nitakachosema nikikishika, ili nisipate njia ya kukimbia. Nimeanzia huku kwenu ambako sina jina, kwa sababu mwoga hujifunza kuogelea kwenye maji ya magotini.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuingia kazi hii, nisikilize mimi niliyeumbuka. Usinunue mashine kwa povu, wala kwa wepesi wa kubeba. Mwambie muuzaji alowanishe mto mbele yako, avute, halafu uubonyeze kwa kiganja chako mwenyewe, na kama unaishi karibu na mlima huu, ubonyeze mara mbili. Na ukishakosea, kwa maana utakosea, na watu wakauliza nani amelowesha kochi, nyoosha mkono wako haraka kabla mama yako hajaunyoosha wa kwake.