Pembe Niliyopiga kwa Ajili ya Picha

Kosa langu la kwanza katika kazi ya sauti lilikuwa kurudia. Nilipiga pembe ya mjomba mara tatu wakati mara moja ingetosha, na kwa kurudia huko nikakitoa kijiji kizima majumbani.

Kurekodi nilijifunza mwenyewe, mjini Same, kwa simu na maiki ya kuazima. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia basi, hapo inatosha, kwa hiyo kwangu hakuna kilichowahi kutosha. Nilikuwa naweza kurekodi mlango ukifungwa tangu asubuhi mpaka jirani aje kuuliza kama kuna ugomvi ndani. Nilipokosea, sikulala vizuri. Nilipopatia, sikulala pia, nikihofia kwamba nimekosea mahali ambapo sijapaona bado.

Ndivyo nilivyokuwa alipokuja mwanamume mmoja kutoka Dar es Salaam, akitafuta mtu wa sauti anayezijua njia za milimani. Alisema anatengeneza picha ya mapigano kwa ajili ya televisheni. Inspekta anamfukuza mwizi wa vito kutoka tambarare hadi juu kwenye ukungu. Inspekta alikuwa yeye mwenyewe. Hadithi aliitunga yeye. Kamera alishika rafiki yake, ambaye pia alikuwa mwizi, na alipokuwa mwizi kamera ilishikwa na yeyote aliyekuwa karibu. Sote tulimwita dairekta.

Nilimtilia shaka tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kutuonyesha maandishi ya hadithi, alisema iko kichwani. Simu ikilia alisogea pembeni. Bastola yake ilikuwa ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, na damu ilikuwa juisi ya rozela iliyovutia nyuki. Zaidi ya yote, alirusha droni mahali ambapo hatukuwa na kipande chochote cha kupiga. Tulipopanda kijijini kwa mama yangu, juu huko upande wa Mhezi, watu waliiona ikizunguka juu ya mashamba yao ya maharage na wakasema waziwazi kwamba hawa si watu wa picha. Hawa wanapima madini, na kesho watakuja na karatasi za kutuhamisha.

Niliwaambia hapana. Kisha, dairekta alipokwenda kuoga, nikafungua kompyuta yake nitazame droni imepiga nini. Nikakuta mawingu. Mawingu, mapaa ya bati, mawingu tena. Badala ya kutulia, nikajiuliza ya maana ameyaficha wapi.

Sasa niseme juu ya pembe. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye anayetunza pembe ya tandala inayoita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe, hata kama ana mgeni, hata kama makande yako jikoni. Mara nyingi wanaitwa kuitengeneza ndiva, bwawa letu la udongo na mawe linalokusanya maji ya kijito ili asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani. Mwaka ule ndiva ilikuwa imejaa tope. Kabla ya vuli ilibidi tope lote litolewe, la sivyo maji yangepita juu ya ukuta na kuubomoa, na watu wa chini wangebaki na mifereji mikavu. Kila mtu alijua kwamba wakati wowote mjomba ataita.

Katika hadithi yake, dairekta alitaka wanakijiji waitwe kwa pembe ili wamkabili mwizi. Kwake sauti yoyote ya kupakua mtandaoni ingefaa. Kwangu haikufaa. Nilimwomba mjomba nirekodi pembe yenyewe.

"Utarekodi siku nitakayoita watu," alisema.

"Siku hiyo kutakuwa na kelele za watu, mjomba."

"Sasa pembe isiyo na watu ya nini?"

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimejizoeza kwa kipande cha bomba la maji, mpaka midomo ikavimba na mama akaniuliza nimepigana na nani. Asubuhi moja mjomba alipoingia migombani, niliitoa pembe kwenye msumari wake, nikapanda kwenye jiwe lililo juu ya ndiva, nikatega maiki, nikapiga. Ilitoka vizuri, lakini jogoo akawika katikati. Nikapiga tena. Upepo ukaingia. Nikapiga mara ya tatu, ndefu, safi, mlima wa ng'ambo ukairudisha. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Sikufikiria upande wa wasikilizaji. Aliyesikia mara ya kwanza angeweza kudhani ni mtoto anachezea. Aliyesikia ya pili alisimama. Ya tatu ilipolia, watu walichukua majembe.

Walitoka kila upande wa mlima, wanaume kwa wanawake, na mapanga, na makarai, wengine wakikimbia kwa sababu pembe haipigwi mara tatu bila hatari. Dairekta alitoka nyumbani akipiga mswaki, akawaona, akatema povu.

"Kamera! Leteni kamera! Msiwasimamishe, waacheni waje hivyohivyo!"

Akavaa koti lake la ngozi, akasimama mbele yao na bastola ya mbao.

Walipofika ndivani walikuta maji yametulia, ukuta mzima, na kamera.

"Imepasuka wapi?" mama mmoja aliuliza, huyo mwenye duka. Alikuwa na unga mikononi.

"Haijapasuka."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi nani kaita?"

Mjomba alifika akihema, panga mkononi, majani ya migomba begani. Wote walimgeukia.

"Mimi sijaita," alisema.

"Pembe ni yako."

"Nimepiga mimi," nikasema. "Shikamooni wazee, ni mimi. Nilikuwa narekodi tu."

Mzee mmoja alicheka mpaka akaegemea jembe. "Marahaba, mwanangu. Wewe wa Same? Mimi nilijifunza pembe hiyo nikiwa kijana, ikanitoa mate tu na sauti ya mbuzi aliyekabwa. Halafu wewe uje leo na suruali yako hiyo uipige vile? Usimfichie mjomba wako."

"Kweli ni mimi. Ngojeni nipige tena mwone."

Mjomba akaninyang'anya pembe. "Upige tena, uwaite na wa ng'ambo?"

Nikawasikilizisha rekodi. Wakaipitisha masikioni mmoja baada ya mwingine, wakatikisa kichwa.

"Si ndivyo anavyopiga mjomba wako?"

Hapo nilielewa nimemfanyia nini. Ningepiga vibaya, wangeniamini. Kwa kuwa nilipiga vizuri, mjomba akawa mtu aliyewauza majirani zake kwa watu wa picha, wakatolewa makwao bure ili wapigwe picha wakikimbia. Na kama kweli watu wa picha walikuwa wanapima madini, basi naye alijua.

Mwenye duka aliwafungia mjadala, akimgeukia mjomba. "Si wanasema itaonyeshwa kwenye televisheni? Tutaiona. Kama mkono wako umo, utaonekana."

Tangu siku hiyo mjomba hakuigusa pembe. Nilimkuta amekaa mlangoni, anatazama chini ndivani.

"Mjomba," aliniambia, maana naye huniita hivyohivyo, "nikipiga sasa wasije, nitapiga tena lini? Heri nisipige wakabaki hawajui kama wangekuja."

"Na tope?"

"Tope linakusikia wewe. Kaliambie lisubiri."

Mkewe, aliyekuwa akichambua maharage, alisema bila kuinua kichwa, "Hata sokoni wananihesabia chenji mara mbili siku hizi, kana kwamba na mimi nimo kwenye picha."

Tukateremka kumalizia mapigano ya magari tambarare, maana pikapu ya kukodi haikuweza kupanda. Mimi nilihariri sauti kwa hasira na hofu. Nilitaka picha ile iwe nzuri. Nilijiambia ikiwa nzuri, watu wataona asubuhi yao haikupotea, na mjomba atakuwa amewaingiza kwenye jambo la heshima. Nilimtumia dairekta faili la pembe likiwa limesafishwa hadi unaweza kusikia pumzi. Akajibu, "Safi fundi." Kisha kimya. Nikampigia, akasema inakuja. Nikampigia tena, inakuja. Niliamini ametoroka. Nililala nikitunga maneno ya kumshitakia, na mawingu yananguruma, na tope liko palepale.

Halafu ikaja kweli. Ilitangazwa kwamba itaonyeshwa Jumapili mchana. Nilipanda kijijini.

Dukani palijaa. Wanaoabudu Jumamosi walikuwepo, wa Jumapili walitoka ibadani moja kwa moja, na Waislamu wawili wauza nguo waliopanda kutoka barabarani walipewa benchi la mbele kama wageni. Mjomba alikaa nyuma kabisa, karibu na magunia. Hakuna aliyemsalimia kwa sauti.

Walitazama kama mahakama. Hakuna aliyekula hata karanga.

Dairekta alitokea amevaa miwani ndani ya nyumba yenye giza. Akasema kwa simu kwamba mji huu una siri. Simu ilikuwa imeshikwa juu chini.

"Anaongea na nani huyo?" mzee wa jembe aliuliza. "Simu imezima."

Mwizi akapigwa risasi kifuani, akafa, nyuki wakamjia. Baadaye kidogo akaonekana anakunywa chai. Dairekta alikimbia kwenye kona ya kanisa letu, pale pale tunapopajua wote, akatokea upande wa pili kwenye mkonge wa tambarare, kule chini karibu na Lembeni, jasho linamtoka, na ng'ombe wa wafugaji wakimpita bila haraka.

"Ameshukaje?" mwenye duka alisema. "Mimi nauli naitoa kila wiki, njia hiyo siijui."

Mtu akacheka, akajizuia. Kisha tukafika sisi. Kijiji kinakimbia na majembe. Nilishika goti langu nikisubiri pembe.

Ikalia tarumbeta. Tarumbeta ya bendi, kama ya harusi, na juu yake ngoma za kompyuta. Rekodi yangu hakuitumia. Watu walionekana kwa muda wa kupepesa jicho, migongo mingi, karai moja, na mwenye duka akipangusa unga. Dairekta akawaelekezea bastola ya mbao akasema, "Rudini nyumbani, wananchi, sheria imefika." Hapo kipande chao kikakatwa. Mlima ukawa mawingu, mawingu yale niliyoyapekua, na majina yakaanza kupanda. Jina langu liliandikwa kwenye mapambo, si kwenye sauti.

Watu walisubiri iendelee.

"Imekwisha?" mzee akauliza.

"Imekwisha."

"Hiyo ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo hiyo, babu."

Mwenye duka alisimama akazima televisheni. Akageuka akamtazama mjomba kule kwenye magunia kwa muda mrefu.

"Hapana," alisema. "Hakuna mtu anayeuza kijiji chake kwa kitu kama kile. Labda awe mgonjwa."

"Mgonjwa naye angeomba aonekane," mzee akadakia. "Huyu hata kivuli chake hakimo."

Kicheko kilianzia mbele kikafika kwenye magunia. Mtu akaiga dairekta akishika simu juu chini. Mwingine akaniambia, "Basi ulipiga wewe kweli, mtoto wa dada, maana upumbavu ule ulihitaji mtu wa mjini." Nilicheka nao. Machoni nilikuwa nalia, na nakiri kwamba sikulia kwa furaha. Nilikuwa nimeomba picha iwe nzuri ili imwokoe mjomba, nayo ikamwokoa kwa ubovu wake, bila kuhitaji hata sekunde moja ya kazi yangu.

Jioni ileile dairekta alinitumia ujumbe: "Umeionaje fundi? Mimi nimelia." Niliusoma mara nyingi nikitafuta mtego ndani yake. Haukuwepo. Hakuwa mpima madini, hakuwa tapeli, na simu alizozijibu pembeni pengine zilikuwa za mama yake. Alipiga mawingu kwa sababu aliyaona mazuri. Nilikuwa nimemtengenezea akili kubwa kuliko aliyokuwa nayo, na sikujua nimwombe radhi kwa lipi. Nilimjibu kwamba mawingu yametoka vizuri.

Mjomba alipiga pembe wiki hiyohiyo, mara moja tu. Nilikuwa tayari ndani ya ndiva, tope magotini. Kwa muda hakuna aliyetokea. Kisha juu ya ukingo akasimama mzee wa jembe, akazungusha macho kwenye miti na mawe, akanikagua mimi mikono na mifuko.

"Leo hakuna inspekta?"

"Hakuna, babu."

Akageuka, akawapungia mkono waliokuwa nyuma yake. Walikuja wengi, ingawa si wote. Tope lilitoka, na vuli ilipoanza ukuta ulisimama.

Tangu hapo siku ya msaragambo hutangazwa kwanza makanisani na kwa simu, ndipo pembe hupigwa, na bado wapo wachache wanaotanguliza mtu kuchungulia. Mimi bado nafanya kazi ya sauti. Siku hizi naomba ruhusa kwa mwenye kitu kabla sijakirekodi, na akinikatalia naondoka.