Mbuzi wa Ntheo Juu ya Daraja la Reli

Juzi mto ulijaa ukafunika barabara, tukabaki kuvukia daraja kuukuu la reli. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa akipeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufunga ndoa ya mwanawe. Mbuzi waliona maji kati ya mataruma, wakagoma.

"Mzee, rudi kesho," mlinzi wa reli akasema, bendera mkononi. "Gari la moshi likikukuta katikati, utaruka wapi na mbuzi?"

"Wakwe walisema leo ndiyo mwisho. Kesho msichana ataenda kwa mwingine." Mzee akagusa chuma cha daraja. "Baba yangu alibeba hivi vyuma begani, akafa hajapanda hilo gari lenu. Wacha na mimi nibebe mbuzi."

Mlinzi alitazama reli huku na huku, akakunja bendera, akajitwika mbuzi mmoja. Mimi nikapewa yule mnono. Tulivuka salama.

Mara nyingi nimemshukuru Mungu kanisani kwa Wazungu waliotujengea daraja lile. Jumapili hii, shingo ikiwa bado inaniuma, nitamshukuru kwa waliolibeba.