Utomvu wa Fenesi

Katekista wa Bigwa hufundisha dhambi ya asili kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya misa. "Tunda lilikuwa tunda tu," husema huku akifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja. "Adamu aliharibu alipomtupia mkewe lawama." Brenda, anayejiandaa kubatizwa, ameyasikia hayo hadi yamemchosha. Jumamosi hii Bibi Mwanvita, jirani wa katekista, alisimama mlangoni mwa darasa akiulizia fenesi lake lililokatwa mtini. Katekista akamwonyesha viganja. Vilikuwa safi, viking'aa mafuta ambayo kila mla fenesi hujipaka ili utomvu usimnate. Ndevu alizisahau, na utomvu ulikuwa umezigandisha. Akazipapasa, akakohoa.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Mimi nililetewa tu na mama watoto."