Mama Cecilia Aliyekwenda Kuangalia Ukuta

Cecilia Lwambano hakuzipenda bunduki, lakini kwa miaka kumi na minne aliziuza. Alikuja Johannesburg kutoka Morogoro mwaka 1993, akimfuata mumewe Mlungisi, mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliolelewa uhamishoni Tanzania kisha wakarudi kwao. Mlungisi alifariki mwaka 2002. Mwaka uliofuata Cecilia alipata kazi ya kufagia katika duka la silaha la Bwana Freitas, Jules Street, mtaa wa Malvern, katikati ya duka la matairi na duka la makochi yaliyotumika. Freitas alikuwa Mreno aliyeletwa kutoka Madeira akiwa mtoto. Alijua kila springi ya kila bastola, ila fomu zilimshinda. Siku moja alimwona mfagiaji wake akimjazia fomu mlinzi wa Kikongo, kwa mwandiko wa mwalimu, huku wakizungumza Kiswahili. Kesho yake akampa kalamu, na ufagio ukapewa mtu mwingine.

Afrika Kusini mtu halipi leo akaondoka na bastola leo. Kwanza anasoma, anafanya mtihani, polisi wanampa cheti. Kisha anachagua silaha dukani, nambari yake inaandikwa kwenye fomu, na yeye anaandika barua kueleza kwa nini anaihitaji. Askari huja nyumbani kuona kasha la chuma lililofungwa kwa boliti. Wakati wote huo, miezi minne, pengine tisa, silaha inabaki imefungiwa dukani. Kazi ya Cecilia ilikuwa hiyo barua, hizo fomu, na huko kusubiri kurefu.

Aliongeza jambo moja ambalo hakuna sheria iliyomtuma. Kabla hajajaza fomu ya mtu yeyote, alikwenda kwake kuangalia ukuta ambapo kasha lingefungwa. Alikwenda siku ya mapumziko, kwa nauli yake, akanywa chai na waliokuwamo nyumbani. Wateja wengine walilalamika. Freitas alimwachia, kwa sababu katika miaka yote hiyo polisi hawakuwahi kuja dukani kwake kuuliza habari za bastola iliyoua mtu ndani ya nyumba.

Mwaka 2016 likafunguliwa duka kubwa katika jengo la maduka upande wa mashariki, tawi la kampuni yenye matawi nchi nzima. Waliuza mahema, fimbo za kuvulia samaki, mashine za kukaushia nyama, na mwisho kabisa, nyuma ya viatu vya kupandia milima, bastola katika makabati ya kioo. Walinunua kwa mamia, kwa hiyo bei yao ilikuwa chini ya bei ambayo Freitas mwenyewe alinunulia. Kila Novemba walitangaza punguzo juu ya punguzo.

Watu hawakuacha kuja kwa Freitas. Walikuja kushika, kupima mkononi, kuuliza maswali nusu saa, kisha wakatoa simu wakapiga picha kibandiko cha bei.

"Unapiga picha ya nini, mwanangu?" Cecilia alimuuliza mmoja.

"Nataka nikawaonyeshe kule, mama. Wanasema ukileta bei ya mwingine wanaishusha zaidi."

"Basi ngoja nikufute vumbi kwenye kibandiko, picha itoke vizuri."

Kijana alicheka. Cecilia hakucheka. Miguu ilikuwa imevimba, na alikuwa na miaka hamsini na saba. Malipo ya wazee ya serikali huanza ukitimiza sitini. Hesabu aliyolala nayo na kuamka nayo ilikuwa moja: duka lisimame miaka mitatu tu.

Septemba 2017 Freitas alimwita ofisini, chumba kisichotosha viti viwili.

"Mwezi huu tumeuza bastola mbili na mafuta ya kusafishia," alisema. "Krismasi ikifika hivi, Februari nafunga. Nimekwambia mapema usije ukasema nilikuficha."

Siku tatu baadaye akaingia Firmin Kalenga.

Firmin alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, shemasi wa kanisa, mwenye duka la simu na vitambaa hatua mia mbili kutoka pale. Alikuwa na karatasi za ukaazi wa kudumu na cheti cha polisi alikuwa amekwisha kupata. Majambazi walimvamia mara mbili mwaka ule. Mara ya pili walimlaza kifudifudi wakamkanyaga shingo.

"Maman Cecilia, mimi sitaki mambo ya kule kwa mol, kule kwa duka kubwa," alisema. "Kule kijana ananiangalia kama mimi njo mwizi. Hapa tunasikilizana. Na sipo peke yangu. Tuko watano wenye maduka, wote wana papier za ukaazi. Mahali mimi ninanunua, na wao wananunua."

Freitas alisikia kutoka ofisini. Firmin alipotoka, mzee alikuja akaegemea kaunta.

"Watano," alisema. "Nikipata watano wakati mmoja, benki watanipa mwaka mwingine. Labda miwili. Cecilia, safari hii usiende kunywa chai."

"Nitakwenda kuangalia ukuta tu."

"Huangaliagi ukuta wewe, sisi wote tunajua."

Jumapili baada ya ibada alipanda teksi mbili mpaka mtaa wa La Rochelle, kwa kina Firmin. Njiani aliomba, kweli aliomba, akute ukuta mnene wa matofali na familia yenye kucheka.

Firmin na mkewe Agnès walipanga vyumba viwili katika nyumba iliyokatwakatwa kwa kuta za mbao nyembamba. Firmin alimwonyesha mahali: kati ya kabati na kitanda. Cecilia akagonga kwa kidole.

"Karibu, maman!" sauti ikajibu kutoka upande wa pili.

"Ni Pitchou, jirani," Firmin alisema kwa aibu. "Pitchou, acha ujinga! Haujabishiwa hodi wewe."

"Sasa mtu akigonga ninyamaze?"

Hapo Cecilia alicheka. Mtoto wao Exaucé, wa miaka saba, alicheka pia, akasema kitu kwa Kizulu ambacho baba yake hakukielewa. Agnès alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono imebana magoti.

Mgeni hawezi kuondoka bila kinywaji, kwa hiyo Firmin alichukua chupa tupu akamshika mtoto mkono, wakaenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua soda. Mlango ulipofungwa tu, Agnès aliinuka akafungulia redio, nyimbo za kanisa, sauti ikapanda hadi Pitchou asiweze kusikia.

"Maman, nisikilize haraka. Firmin halali tena. Akilala anapiga kelele. Mwezi uliopita mtoto aliamka kunywa maji. Firmin alishtuka, akachukua pasi ile pale, akamrushia. Ilipita hapa." Aligusa juu ya sikio lake. "Aliona jambazi. Kisha akalia mpaka asubuhi. Siku ile ilikuwa pasi, maman."

"Uliwaambia polisi? Wakati wa cheti huwa wanauliza mke."

"Walipiga simu. Yeye alikuwa amekaa hapa pembeni yangu. Nikasema ni mtu mzuri." Akafuta macho kwa kitenge. "Na ni mtu mzuri. Njo shida yenyewe hiyo. Akijua nimesema, ataona nimemuuza. Usimwambie, nakuomba kwa jina la Bwana."

"Sitamwambia. Lakini sikia, Mama Exaucé. Popote atakaponunua, askari atakuja kuona kasha. Mwombe huyo askari mzungumze nje, wawili tu. Umwambie habari ya pasi. Wewe ndiye wa kusema, mimi nikisema ni maneno ya dukani."

Hatua za Firmin zilisikika uani. Agnès akapunguza redio. Soda ilikuwa ya machungwa, baridi sana, na Cecilia aliinywa yote kwa sababu Firmin alisimama akimtazama kwa furaha.

Jumatatu Firmin alifika dukani mapema, amevaa koti, na mkoba wa karatasi zake mkononi.

"Baba Exaucé, ukuta ule haufai," Cecilia alimwambia. "Boliti itatokea kwa Pitchou."

"Niliwaza hiyo. Tutalifunga kwa sakafu. Sakafu ni saruji, niliuliza mwenye nyumba, amekubali. Ameandika na barua."

Akaitoa. Ilikuwa barua nzuri, yenye sahihi. Sheria inaruhusu kasha kufungwa sakafuni, na Cecilia alilijua hilo kuliko mtu yeyote Jules Street. Alikuwa ameandaa sababu moja tu, nayo ilikuwa imekwisha. Angeweza kuchukua kalamu. Ilikuwa mbele yake.

"Siwezi kukuandikia," alisema.

"Kwa nini?"

Cecilia aliikunja ile barua akamrudishia.

"Maman, nimekosa nini? Karatasi gani imepungua? Sema, niilete."

"Hakuna iliyopungua. Mimi tu sitaki."

Firmin aliangalia karatasi zake, kisha akamwangalia usoni, na polepole akapata jibu lake mwenyewe.

"Aah. Nimeelewa. Ninyi Watanzania mnatuona Wakongo njo watu wa vita. Mkongo akishika bunduki ni muasi. Si ndivyo? Unakuja kwangu, unakunywa soda yangu, unacheka na mtoto wangu, kumbe unachunguza kama niko mnyama."

Neno moja tu lingemtoa Cecilia kwenye shutuma ile. Lingemwangukia Agnès. Cecilia aliinamisha kichwa.

"Uniwie radhi, Baba Exaucé."

"Radhi! Baki nayo. Kule kwa mol hawaniiti baba, lakini hawanitukani." Alikusanya karatasi zake. "Na wale wanne nitawaambia."

Aliwaambia. Ijumaa ya punguzo kubwa, mwezi Novemba, wote watano walipanga foleni kule kwenye jengo la maduka pamoja na wanunuzi wa mahema. Habari ilifika Malvern kabla ya chakula cha mchana.

Freitas hakugomba. Pengine angegomba ingekuwa nafuu. Alikaa juu ya kasha la risasi, akavua miwani.

"Alikuwa na kosa gani yule mtu?"

"Siwezi kukwambia."

"Hata mimi?"

"Niliahidi."

"Ulitaka miaka mitatu, Cecilia. Ulikuwa unaniambia kila wiki."

"Najua."

"Basi," alisema mzee, na akaanza kutafuta ile miwani iliyokuwa mkononi mwake.

Duka lilifungwa siku ya mwisho ya Februari 2018. Dalali alichukua makabati. Freitas alihamia kwa binti yake pwani, na Cecilia alibaki katika chumba chake cha nyuma, mtaa wa Observatory, akishona sare za shule kwa cherehani ya jirani. Machi na Aprili alikula akiba. Mei alijibu tangazo la kazi. Lile duka kubwa lilikuwa limeuza silaha nyingi kuliko lilivyoweza kuandikia fomu, na fomu zilikuwa zikirudishwa na polisi kwa makosa.

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. Alimuuliza anajaza fomu ngapi kwa siku. Cecilia akamwambia, akaeleza pia habari ya kwenda kuangalia ukuta.

"Hiyo ni kazi ya polisi, mama," alisema meneja. "Wewe usitoke kaunta."

"Sawa. Kuna kiti?"

"Kaunta tunasimama."

Aliichukua kazi. Walimpa fulana ya kijani yenye jina la duka mgongoni, pana kwake mabegani. Watu walikuja wawili wawili, wakiangalia saa, na Cecilia alijaza. Wakati mwingine aliuliza, bila kuinua kichwa, "Unaishi na nani?" Wengi walijibu. Mmoja alimwambia aandike asiulize, na nyuma yake foleni ikaguna, akaandika.

Mwezi Julai, kati ya barua zilizotoka polisi, aliikuta ya Firmin Kalenga. Ombi limekataliwa. Mwenza wa mwombaji amehojiwa peke yake, nje ya nyumba. Hakukuwa na maelezo zaidi. Cecilia aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akapata namna ya kuegemea kabati kidogo, kisha akaiweka kwenye faili lake.

Wale wanne walipata leseni zao. Firmin hakuja kuichukua nakala yake, wala hakuja kusema bastola iuzwe. Alipopishana na Cecilia Jules Street alivuka barabara. Agnès alikuwa akisuka nywele katika saluni moja mtaani hapo, na mumewe asipokuwapo karibu, alimwinulia Cecilia kidevu kupitia dirisha, basi, kisha akarudi kwenye kichwa cha mteja. Kama Firmin sasa alikuwa analala, Cecilia hakupata mtu wa kumuuliza.

Kila mwisho wa mwezi sefu hukaguliwa. Mtu mmoja anaingia ndani anasoma nambari zilizochongwa kwenye chuma, mwingine anaweka alama kwenye orodha. Cecilia hupewa kusoma, kwa kuwa haruki hata tarakimu moja. Chumba hakina dirisha na kinanuka mafuta. Mwisho wa Agosti alipiga magoti kwenye rafu ya chini, ya silaha zisizo na leseni, akapapasa miwani, akaisoma ile nambari polepole.

"Kalenga, F.," alisema kijana wa orodha. "Ipo?"

"Ipo."

"Huyu naye haji kuchukua chake?"

"Weka alama, mwanangu, tuendelee. Magoti yananiuma."